Matofali ya Nyangeta, Mabati ya Serikali

Juzi nilikuwa nimekaa kibarazani, akapita kijana mmoja fundi wa mtaani kwetu akisukuma toroli la matofali ya saruji. Akanipa shikamoo vizuri, nikaitikia. Kisha akaharibu. Akasema, "Babu, nyie mlifaidi sana. Serikali iliwajengea nyumba, kazi yenu ilikuwaga kuingia na kulala tu." Nilitaka kumrushia fimbo. Sikumrushia kwa sababu naihitaji kutembelea. Lakini tangu siku hiyo sijatulia, na kwa kuwa fimbo haifiki mbali, nimeona niandike. Nawaandikia ninyi mnaoshika mwiko leo, na ninyi wengine mnaosikia kila msimu wa kampeni kwamba nyumba za bei nafuu zinakuja.

Jina langu Magesa. Nilikuwa fundi mwashi katika kikosi cha ujenzi cha halmashauri mpaka nilipostaafu. Nimejenga Musoma, nimejenga Bunda, nimejenga Butiama nilikozaliwa. Na kijana yule alipokosea ni hapa: kazi yangu haikuwa kuwajengea watu. Ilikuwa kusimama nao wakijenga wenyewe. Mpango ulikuwa mwepesi kueleweka. Kile ambacho ardhi na mikono vinaweza kutoa, wananchi walitoa: mawe, mchanga, maji, matofali, jasho. Kile ambacho lazima kinunuliwe, serikali ilinunua: mabati, misumari, bawaba, saruji kidogo. Na nani ajengewe kwanza, nani afuate, mlango utazame wapi, hayo yote yaliamuliwa na kikundi chenyewe cha majirani wanaojenga. Ofisi ilileta mali na kukagua kazi, basi.

Hilo la mlango msilicheke. Mwanzoni kabisa, kabla mambo ya vikundi hayajakolea, tulijenga nyumba ya mfano katika kijiji kimoja upande wa Butiama. Ramani ilikuja imeshachorwa, nasi tukaifuata kama padri anavyofuata misale. Nyumba ikatoka safi, mlango unatazama barabarani ili wapita njia waisifu. Tuliporudi baada ya mavuno, mwenye nyumba alikuwa ametoboa ukuta wa nyuma, ameweka mlango huko, na ule wa mbele ameuziba kwa kabati la vyombo. Mzee Wambura, nyapara wetu, akamwuliza, "Ndugu yangu, mbona umetoboa nyumba ya serikali?"

"Nilikuwaga nalala nimewapa ng'ombe mgongo," yule bwana akajibu. "Wewe Wambura ungepata usingizi?"

Wambura naye alikuwa mfugaji. Alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Toka hapo hatukuchora mlango kabla ya kuuliza zizi liko wapi.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kazi, na aliifundisha kwa matusi. Udongo wa tofali usichimbe popote, alisema, tafuta kichuguu, maana mchwa wameshakuchekechea, wewe mvivu. Tofali likishachomwa chukua mawili uyagonge. Yakilia, jenga. Yakisema pu, yarudishe ulikoyatoa. Na tanuru usilifungue likiwa bado lina moto tumboni, hata aje mkuu wa mkoa. Huko Bunda kikundi kimoja kilifungua tanuru mapema kwa sababu katibu wao alikuwa anaoza binti, na alitaka wakwe wakute ukuta umesimama. Upepo wa baridi ukaingia, matofali yakapasuka karibu yote. Wakwe walikaribishwa katikati ya vipande. Wambura hakuwaonea huruma hata kidogo. "Tanuru halijui harusi," akawaambia, akadai chakula cha harusi hiyohiyo.

Wale watu wa Bunda walirudi shimoni wakafyatua upya. Hawakuandamana, hawakumlaani mtu. Matofali yalikuwa yao na kosa lilikuwa lao, kwa hiyo walijua pa kuanzia kulirekebisha. Mtu akijengewa, nyufa zinakuwa za aliyemjengea, na yeye anabaki kulalamika tu.

Miaka yenyewe ilikuwa migumu. Vita imekwisha, nchi iko hoi, maduka yana rafu na muuzaji tu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali. Saruji tulikuwa tunaisikia kwa jina, na ikija kutoka bohari, nusu ya mifuko imeshaganda. Wambura akaamua hiyo kidogo iende kwenye msingi na kwenye lenta, ule mkanda wa juu ya madirisha, na ibaki ya kuziba mistari kwa nje ili mvua isile ukuta. Katikati ya matofali tukajengea udongo wa kichuguu uliokandwa kwa miguu mpaka ukawa laini. Najua vijana mnacheka mkisikia udongo. Zipo nyumba nilizozijenga hivyo ambazo bado zimesimama, wakati madarasa ya saruji ya juzijuzi yameshaota nyufa za kupitisha mkono.

Sasa nije kwenye jambo linaloniwasha. Kikundi nilichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote kilikuwa pembeni mwa Mwisenge, hapa Musoma mjini. Walikuwa watu wa kipato cha kuungaunga: wavuvi waliohama kutoka Murangi na vijiji vya huko kwenye rasi, wachuuzi wa samaki, mpishi wa shule, mlinzi aliyeitwa Mafuru. Aliyewakusanya alikuwa mjane, jina lake Nyangeta, mchuuzi wa dagaa na furu wa kukausha. Mumewe alizama ziwani, akamwacha na watoto katika chumba kimoja cha kupanga, ambacho mvua ikinyesha kitanda kilikuwa kinahamishwa kutoka kona hii kwenda ile. Nyumba ndiyo kitu pekee alichokuwa anakitaka duniani. Alikuwa na mdomo mkali na kicheko kikubwa, na ukuta wangu ukipinda kidogo alikuwa anauliza, "Fundi, huyu ameegemea nini, au amechoka?"

Kwetu huku mtu mwenye kazi kubwa huita risaga. Anapika, majirani wanakuja na majembe yao, kazi inafanyika mpaka iishe, na hakuna anayelipwa. Kesho ukiita wewe, naye anakuja kwako. Risaga ina adabu yake: aliyeita anakula wa mwisho, wageni wake wakishashiba. Nyangeta ndiye aliyewaita wenzake wajenge kwa mtindo huo. Siku ya kupanga nani aanze, kamati nzima ikamtaja yeye. Akakataa.

"Mimi ndiye niliyewaita," akasema. "Mwenye kuita anakulaga mwisho. Yangu iwe ya mwisho."

Nikamwambia, "Dada, hii si ugali, hii ni nyumba."

"Ugali nimepika mimi au umepika wewe?"

Watu wakacheka, jambo likapita. Ni watu wa huku tu wanaoweza kukosea namna hiyo, kuichukua adabu ya sahani na kuipandisha mpaka kwenye paa. Mimi niliona ni kosa, na nikasema. Lakini nisiwe mchoyo wa ukweli: adabu hiyo ndiyo iliyokifunga kile kikundi. Nani angekwepa zamu yake, akimwona mama yule anapanda kutoka ziwani na ndoo kichwani kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine? Mabati ya serikali yalipofika yalilazwa chumbani kwake, wanawe wakalala kando yake. Miaka ile bati lilikuwa mali kama ng'ombe, na halikupotea hata moja. Hakukuwa na askari wa kulinda. Kila mmoja alijua bati akiliiba ameliiba kwa jirani yake.

Nyumba ikafuata nyumba. Alianza Mafuru kwa sababu mkewe alikuwa na mimba, wakafuata wazee, wakafuata wengine. Nyangeta alichimba misingi yao yote.

Halafu mambo yakafunguliwa. Ikawa ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikaletwa kwa marobota, saruji ikapangwa mpaka nje barazani. Tukasema sasa nyumba zitaota zenyewe. Kumbe dukani mali ilipojaa, fungu letu likakauka. Tukaambiwa serikali inajitoa katika kujenga nyumba, kila mtu abebe mzigo wake. Kama ingeishia hapo ningenyamaza, maana nchi ilikuwa imeishiwa kweli na ng'ombe aliyekufa hakamuliwi. Kilichonichoma mpaka leo ni kilichofuata. Serikali ilijitoa kwenye kununua misumari, haikujitoa kwenye kuamua. Ilipokuwa inatoa mabati iliwaacha wananchi waamue. Ilipoacha kutoa hata msumari, ndipo ikataka kuamua kila kitu.

Wakati huo nyumba moja tu ndiyo ilikuwa haijaezekwa. Kuta zimefika kwenye lenta, madirisha yameachiwa nafasi zake, na mwenyewe alishaonyesha mahali pa kuweka kitanda.

Akaja afisa kijana, mtu wa sauti ya upole. Akatukusanya palepale kwenye kuta za Nyangeta, akatangaza kwamba viwanja vyenye majengo yasiyokwisha vinarudi ofisini ili wapewe wenye uwezo wa kuviendeleza.

Nyangeta akasimama. "Mwanangu, hiki kimeendelezwa. Huoni kuta?"

"Kuta naziona, mama. Ila hujapaua."

"Mabati mlikuwa mnaleta nyie, na mmeacha nyie. Sasa aliyeshindwa kuendeleza ni mimi au ni nyie?"

"Mama, haya ni maelekezo. Mimi natekeleza tu."

"Na hao wenye uwezo ni akina nani?"

Akaanza kukunja karatasi zake, na jibu tulilijua. Mtaa mzima ulishamwona wakala mmoja wa kununulia viwanda sangara akipitapita pale, akipima kwa hatua zake sehemu ya kuweka majokofu. Tulimwona sangara alivyoingia ziwani akawamaliza furu, ila sikujua kwamba angepanda na nchi kavu.

Uwezo! Mpaka leo mtu akilitamka neno hilo mbele yangu damu inanichemka. Mwanamke aliyebeba mawe ya mtaa mzima aliambiwa hana uwezo. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga udongo wetu hata siku moja ndiye akaonekana anao. Tulikwenda ofisini kundi zima. Tukakalishwa kwenye benchi, tukaambiwa mhusika amesafiri. Tuliporudi yuko kwenye kikao. Kikao kilipokwisha yuko likizo. Mimi mwenyewe nilikuwa mfanyakazi wa hapohapo, nawajua wote kwa majina, na walikuwa wananipita koridoni wakiangalia viatu vyao.

Afisa yule alipokuja mara ya pili, upole ulikuwa umemwishia. Nyangeta alikuwa amemshika mkono wa shati, hataki kumwachia. Afisa akamtoa mkono akasema kwa sauti, "Mama, elewa! Kiwanja hiki si chako. Hapa cha kwako ni haya matofali tu!"

Nyangeta akauliza taratibu, "Umesemaje? Rudia watu wasikie."

"Cha kwako ni matofali," akarudia. "Kiwanja ni cha ofisi."

"Mmesikia?" Nyangeta akatugeukia. "Matofali ni ya kwangu. Amesema mwenyewe, tena mchana."

Afisa akapanda gari lake akaondoka. Alidhani amemaliza mazungumzo.

Mke wa Mafuru ndiye aliyesema la kwanza. Uani kwao palikuwa na sehemu pana waliyokuwa wanapanda mihogo. "Ng'oeni hiyo mihogo," akasema, na Mafuru akatikisa kichwa kukubali, maana hakuachiwa nafasi ya kufanya lingine. Nyangeta akaita risaga.

Niwaambie kweli, niliogopa. Siku zile zilikuwa zimeshabadilika. Mtu ukimwomba akusaidie kubeba mzigo anauliza kwanza unampa nini. Baadhi ya wale tuliowajengea walikuwa wameshapangisha vyumba na kuanza kutembea kwa madaha. Nilijiuliza, akipika halafu wasitokee, mama huyu atauweka wapi uso wake? Nyumba ameshanyang'anywa. Akinyang'anywa hata watu, atabaki na nini?

Asubuhi nilipofika walikuwepo. Hawakuwepo wote. Wachache walijificha, na nawajua, lakini siwataji kwa sababu watoto wao wamekuwa watu wazuri. Waliobaki walikuja na majembe, ndoo, mikeka ya kubebea. Mzee Wambura, aliyekuwa ameshastaafu, alipanda basi kutoka Butiama, akawekewa kiti na kuanza kututukana kama zamani. Bosi wangu naye akapita na baiskeli, akasimama. "Magesa, wewe si mtu wa halmashauri?"

"Leo niko likizo, mzee."

"Likizo uliomba lini?"

"Nimeomba sasa hivi. Hujanisikia?"

Akaangalia kuta, akamwangalia Nyangeta, akapanda baiskeli yake. Akaenda zake, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Sasa sikilizeni ufundi, maana kubomoa vizuri ni kazi kuliko kujenga. Tofali lililoshikwa na saruji halitoki zima, linavunjika kabla halijaachia. Lakini sisi saruji ya kujengea katikati hatukuwa nayo. Ile shida yetu ya miaka ya foleni ndiyo ilituokoa. Tulikwangua kwanza ile mistari ya nje kwa ncha ya patasi. Tukaivunja lenta, hiyo tuliisamehe. Kisha tukamwagia maji ukutani, tukaacha udongo unywe, tukaanza juu kushuka chini, tukigonga kwa mpini wa nyundo, si kwa chuma, na tukigonga kwa chini si usoni. Tofali linalegea kama jino la mtoto. Wanawake walisimama mstari kutoka kwenye kuta mpaka uani kwa Mafuru, matofali yakapita mkono kwa mkono. Wambura alikuwa anayagonga mawilimawili na kusikiliza, na hakuna lililosema pu.

Msingi tuliuacha, ulikuwa wa mawe na saruji. Tulipomaliza, wanawake wakachukua mifagio wakafagia kiwanja chote, hata unga wa udongo wakauzoa. Nyangeta alisema si vizuri kumwachia mtu uchafu mahali pake.

Tukajenga upya, vyumba viwili badala ya vitatu, mlango ukatazama alikotaka mwenyewe. Lakini paa? Mabati yalikuwa tele dukani, na hakuna kati yetu aliyeweza kuyanunua. Nyangeta akasema ataezeka kwa nyasi, akaanza kuulizia watu wa Nyegina kama nyasi zimekomaa. Jioni moja nikamwona Mafuru juu ya ngazi barazani kwake anang'oa misumari. Kesho yake nikamwona mpishi wa shule naye juu ya ngazi. Kila nyumba ikatoa bati moja la baraza. Mengine mekundu ya kutu, mengine yamepinda, moja lina tundu la jiwe la watoto. Hadi sasa ukipita mtaa ule utaona baraza zina pengo upande mmoja, na wapangaji wa leo wanadhani ni upepo.

Kwa hiyo vijana, mkisikia mradi wa nyumba unakuja, msishangilie kabla ya kuuliza. Msiulize tu fedha ni za nani, maana fedha ni zenu, ni kodi zenu, hata wakiwaletea kwa ngoma na kofia. Ulizeni nani atapanga zamu. Ulizeni mkikosana katikati nani ataamua, na kama mnaweza kumwona huyo mtu bila kukalishwa kwenye benchi. Mimi nimeona nyumba za siku hizi zinazoitwa za wananchi. Nimezunguka nikitafuta mwananchi ndani, nikamkuta mlinzi getini, naye anapanga kwingine. Hasira zangu haziko kwa aliyenunua. Ziko kwa ofisi iliyokuwa ya kwetu ikawauza wenyewe, na ziko kwenu pia mkikubali kuambiwa kwamba wazazi wenu walilala wakajengewa.

Siku tunapigilia lile bati la mwisho, likaja lori kutoka mjini limebeba mabati mapya yanayong'aa, mafundi wanne wamekaa juu. Lilisimama kwenye kile kiwanja. Wakala wa sangara akashuka, na yule afisa akashuka naye. Wakazunguka ule msingi, wakaangalia huku, wakaangalia kule. Mafundi wao wakashindwa kujizuia, wakaanza kucheka. Mwishowe wakavuka mpaka uani kwa Mafuru, na wakala akamkuta Nyangeta amekaa mlangoni pake, miguu ameinyoosha, anachambua dagaa kwenye ungo.

"Mama," akasema, "nyumba yangu iko wapi?"

Nyangeta hakuinua macho kwenye ungo wake.

"Ya kwako sijaiona, baba. Ya kwangu ni hii. Karibu ndani uitazame."